Kinga ya Mwili na Saratani ya Tezi Dume: Mzee wa Garsen Angoje Nini?

Njia panda ya Minjila, ambapo barabara ya Lamu huachana na ile iendayo Hola na Garissa, ni mahali ambapo msafiri hana budi kungoja. Gari likichelewa, watu huzungumza. Hapo ndipo nilipokaa, si muda mrefu uliopita, karibu na mzee mmoja wa Kipokomo mwenye umri upatao miaka sabini. Mkononi alishika bahasha ya kahawia ya hospitali, na chini ya kikoi chake alificha, kwa haya asiyoweza kuisitiri vyema, mpira wa mkojo pamoja na mfuko wake. Baada ya kumwamkia, na baada ya kuulizana hali ya mvua na hali ya mto, alinigeukia akasema:

"Mwanangu, wewe ni mtu wa magazeti. Mjukuu wangu aliyeko Mombasa ameniambia kuwa huko Marekani kuna sindano ya kuwafundisha askari wa mwili waiue hii saratani ya tezi. Je, ni kweli, au ni maneno ya simu tu?"

Nilimjibu kwa ufupi, kwa kuwa gari lilikuwa likinukia kufika. Lakini swali lake halikuniacha, nami nimeona si haki limalizikie njia panda. Wako wazee wengi, kuanzia Kipini hadi Bura, walio na bahasha kama ile, na wengi zaidi wasio na bahasha ila maumivu ya kiuno tu ambayo bado hayajapewa jina.

Neno lenyewe "kinga" liliingia masikioni mwa wengi wetu kwa mlango wa msiba. Lilikuja na UKIMWI katika miaka ya 1980, na tangu hapo kila mtu wa pwani na bara anajua kuwa mwilini mna jeshi la chembe nyeupe za damu, na kwamba jeshi hilo likivunjika, hata maradhi madogo hugeuka kuwa mauti. Swali alilouliza mzee ni upande wa pili wa sarafu hiyo. Ikiwa jeshi hilo lipo na ni zima, mbona haliiui saratani?

Jawabu la wataalamu ni kwamba saratani si mgeni. Kijidudu cha malaria au cha kifua kikuu huingia kutoka nje, nao askari humtambua kwa sura yake ngeni. Chembe ya saratani ni mtoto wa nyumbani aliyepotoka: imezaliwa mwilini, ina sura ya mwili, na juu ya hayo hujifunza hila za kuwatuliza askari wapitao. Kikulacho ki nguoni mwako, na askari hakuamrishwa kupekua nguo za mwenyewe.

Fikra ya kuwaamsha askari hao si ngeni. Mwaka 1891, daktari wa upasuaji wa New York aitwaye William Coley alianza kuwadunga wagonjwa wa saratani vijidudu vya maradhi mengine, akitaraji kuwa homa itakayozuka itauamsha mwili mzima. Baadhi yao walipona, wengine walidhurika, na wenzake wengi hawakumwamini. Ilichukua karibu karne nzima kabla ya fikra hiyo kuzaa tiba iliyokubalika kote, nayo ilitokana na kitu ambacho karibu kila mtoto wa Garsen anacho alama yake mkononi.

Nakusudia chanjo ya BCG. Wafaransa wawili, Albert Calmette na Camille Guérin, waliilea kwa miaka 13, wakikihamisha kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe mara 230 kutoka chombo hadi chombo mpaka kikapoteza ukali wake, na mwaka 1921 ikaanza kutolewa kwa watoto. Mwaka 1976, madaktari wa Kanada wakiongozwa na Alvaro Morales walieleza kuwa chanjo hiyo hiyo, ikimiminwa ndani ya kibofu cha mkojo kwa mpira, huzuia aina fulani ya saratani ya kibofu isirudi. Hadi leo ndiyo tiba inayotegemewa kwa saratani ya kibofu iliyo juu juu, ambayo haijazama katika msuli. Basi anayedhani kuwa kutibu saratani kwa kinga ni ndoto ya filamu na alitazame kovu lililo mkononi mwake.

Hapa nina jambo la kuwaambia watu wa Mto Tana hasa. Delta ya Tana, kwa mashamba yake ya mpunga, mifereji yake na mabwawa yake ya maji yaliyotuama, ni nchi ya kichocho. Konokono wa majini humtunza mdudu, mdudu humwingia mtoto anayeoga au mkulima anayepanda mpunga, na mwisho wake ni mkojo wa damu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka mdudu huyo, mwaka 1994, katika orodha ya vitu vilivyothibitika kuwasababishia binadamu saratani, yaani saratani ya kibofu. Kwa bahati mbaya, aina ya saratani ambayo kichocho huizaa mara nyingi siyo ile inayoitikia BCG. Dawa yake hasa ni kuitangulia: vidonge vya prazikwanteli kwa watoto, na maji safi.

Lakini kuna madhara mengine ya kichocho yasiyoandikwa katika vitabu vya wadudu, nayo ni mazoea. Katika nchi ambayo mkojo wa damu umekuwa jambo la kawaida hata wavulana wakikua wakidhani ni dalili ya balehe, mzee wa miaka 65 akianza kukojoa kwa taabu, au akiamka mara tano usiku, au akiona damu, husema: "Ni kichocho changu cha utotoni kimerudi." Akiumwa na kiuno na nyonga husema ni jembe. Hununua dawa ya miti, hukandwa, hungoja. Wakati huo huenda tezi dume, ile tezi ndogo ya wanaume iliyo chini ya kibofu, imekwisha kupeleka chembe zake mifupani. Saratani hii ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanaume wa Kenya, na wengi wao hufika kwa tabibu ikiwa imeshatambaa.

Sasa nirudi kwenye sindano ya mjukuu. Ipo. Jina lake ni Provenge, na ilikubaliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwezi wa Aprili mwaka 2010, ikawa ya kwanza ya aina yake. Si sindano ya duka la dawa hata kidogo. Damu ya mgonjwa hupitishwa katika mashine inayochuja chembe nyeupe. Miongoni mwa hizo zimo chembe za dendriti, zilizoitwa hivyo kwa kuwa zina matawi kama mti, na kazi yake ni kuwaonyesha askari wengine sura ya adui. Aliyezigundua, Ralph Steinman, alitangaziwa Tuzo ya Nobel mwaka 2011, siku tatu baada ya yeye mwenyewe kufariki kwa saratani ya kongosho. Chembe hizo husafirishwa hadi kiwandani, zikaoneshwa protini ipatikanayo katika karibu kila saratani ya tezi dume, kisha baada ya siku chache zikarudishwa kwa mwenyewe kwa njia ya mshipa. Kazi hiyo hufanywa mara tatu, kwa kawaida kwa mwachano wa majuma mawili. Ni dawa ya mtu mmoja. Haimfai jirani yake.

Je, inaponya? La, haiponyi. Katika jaribio kubwa la wanaume 512, waliopewa dawa hiyo waliishi, kwa kipimo cha katikati, miezi 25.8, na wale wasiopewa miezi 21.7. Tofauti ni miezi minne na kidogo. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 93,000, ambazo kwa thamani ya leo ni takriban shilingi milioni 12 za Kenya. Kampuni iliyoitengeneza, Dendreon, iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2014, na katika Ulaya, ambako dawa ilikuwa imeruhusiwa mwaka 2013, ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2015 kwa ombi la wenye dawa wenyewe. Isitoshe, mfuko wa chembe ukishatoka kiwandani hudumu kwa saa 18 tu. Mtu aliyekwama Gamba wakati wa mafuriko ya 2023 na 2024, akatazama maji yakipita juu ya lami, na ajiulize saa 18 ni muda gani.

Msomaji atasema nimemvunja moyo mzee. Ngoja kwanza. Miezi minne ni hesabu ya katikati, na katikati huficha pande zote mbili. Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa iliyowafuatilia wagonjwa waliopewa Provenge baada ya dawa kuruhusiwa, na ikaonekana kuwa Wamarekani weusi waliishi muda mrefu kuliko wazungu waliolingana nao katika kipimo cha damu cha PSA: miezi 35.3 kwa 25.8. Haikuwa kura ya bahati kama majaribio yale makubwa yanavyofanywa, kwa hiyo mtu asiapie. Hata hivyo ni jambo la kumkera Mwafrika yeyote anayefikiri. Watu wenye asili ya Afrika ndio wanaopatwa na saratani hii kwa wingi na kwa ukali zaidi. Huenda nao ndio wanaonufaika zaidi na tiba ya kinga. Nao ndio wachache mno katika majaribio. Atakayesema kuwa utafiti wa namna hii ni anasa ya Wazungu anatuambia kuwa ngozi yetu ni ya kuugua tu, si ya kuchunguzwa.

Kundi la pili la tiba za kinga ndilo lililoitikisa dunia. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walituzwa Nobel mwaka 2018 kwa kugundua kuwa askari wa mwili wana breki, na kwamba saratani huzikanyaga breki hizo. Dawa zinazoziachilia zimewainua watu waliokuwa wamekwisha kuagwa, hasa wenye saratani ya ngozi na ya mapafu. Kwa tezi dume, matokeo yamekuwa ya huzuni. Dawa iitwayo ipilimumabu ilijaribiwa mara mbili katika majaribio makubwa, haikurefusha maisha. Pembrolizumabu nayo ilijaribiwa pamoja na dawa nyingine, majaribio yakaanguka moja baada ya jingine kufikia 2023. Madaktari huita saratani hii "baridi", kwa kuwa askari hawaikaribii. Ni kama uwanja ambao hakuna aliyepiga mbiu.

Isipokuwa kwa wachache. Kati ya kila wagonjwa 100 wa tezi dume, kama watatu hivi wana saratani ambayo vinasaba vyake vimepoteza uwezo wa kujirekebisha, ikajaa makosa, na makosa hayo ndiyo humfanya askari aitambue. Tangu mwaka 2017 pembrolizumabu imeruhusiwa Marekani kwa saratani yoyote yenye hitilafu hiyo, iwe ya utumbo au ya tezi, na katika hao wachache wako ambao uvimbe umenywea kwa miaka. Kuwajua hakuhitaji miujiza. Kile kijinyama kilichokatwa kuthibitisha saratani chaweza kupakwa rangi maalumu na kutazamwa kwa darubini. Hataza za dawa hiyo nchini Marekani zinatarajiwa kuanza kuisha mwaka 2028, na baada ya hapo wenye viwanda vingine watakuwa na nafasi ya kuitengeneza kwa bei nafuu. Hilo si jambo la wajukuu wa wajukuu wetu. Ni la kesho kutwa. Swali ni kama siku hiyo ikifika tutakuwa na orodha ya hao watatu katika mia, au tutakuwa bado tunawakanda viuno.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Tiba hizi za kinga zimejengwa juu ya ngazi, nazo ziko kidato cha juu kabisa. Provenge hupewa mtu ambaye saratani yake imetambaa, imekataa dawa za homoni, na bado haimpi maumivu makubwa. Ili kuwa mtu huyo ni lazima uwe umepimwa, umekatwa kijinyama, umepewa homoni, na ukafuatiliwa kwa kipimo cha damu mwezi baada ya mwezi. Mzee anayefika hospitalini amebebwa kwa machela, miguu imekwisha kufa ganzi kwa uti wa mgongo kubanwa, hajavikanyaga vidato vya chini. Kumwambia habari za chembe za dendriti ni kumsimulia aliye jangwani habari za bahari.

Na vidato vya chini si vya bei ya milioni 12. Mwaka 1941 Charles Huggins alionyesha kuwa saratani ya tezi dume hula homoni ya kiume, na kwamba ukimnyima mwili homoni hiyo, saratani hunywea. Alituzwa Nobel mwaka 1966. Hadi leo hiyo ndiyo nguzo ya tiba iliyotambaa, ama kwa sindano ya kila mwezi au ya kila miezi mitatu, ama kwa upasuaji mdogo wa mara moja wa kuondoa korodani, ambao kwa asiye na fedha za sindano ndio unaobaki. Inajulikana pia kwamba vidonge vya abirateroni vikiongezwa mapema, maisha hurefuka zaidi. Haya yote ni mambo ambayo mtu wa Garsen aweza kuyafikia, kama kuna wa kumwambia na kama gharama imeshikwa na bima. Desmond Tutu wa Afrika Kusini aligunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 1997, akafariki mwishoni mwa 2021 akiwa na miaka 90. Nelson Mandela alitibiwa kwa mionzi mwaka 2001 na akaishi miaka 12 mingine. Hakuna hata mmoja wao aliyeficha.

Sisi huficha. Nilipolitaja lile neno la upasuaji pale Minjila, mzee aliinamisha kichwa. Mchungaji mmoja wa Kiorma, mtu mzima aliyekuwa akisikiliza bila kuonekana anasikiliza, alicheka kidogo akasema: "Sisi twajua mambo hayo. Maksai ndiye anenepaye zizini, na ndiye aishiye miaka mingi." Watu walicheka, na mzee naye akacheka, tena kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Nilistaajabu. Daktari angehitaji nusu saa kulisema jambo lile, na bado asingekubalika.

Kwa sababu hiyo nasema kazi ya kwanza si ya maabara. Wapokomo wana baraza lao la Gasa, na Waorma wana Matadeda. Mabaraza hayo yanasikilizwa katika mambo ya malisho na mashamba, na sauti zao zilihitajika sana baada ya damu iliyomwagika mwaka 2012. Yakisema kwamba mwanamume aliyefika miaka 50 apimwe damu, na mwenye baba au ndugu aliyeugua aanze mapema zaidi, watu watakwenda. Kazi ya pili ni ya kaunti: kipimo cha PSA kipatikane kila siku, si kwa msimu wa kambi za tiba, katika hospitali ya Hola na katika ile ya Ngao. Ngao, ambako wamisionari wa Kijerumani walitia nanga zamani, ina jina lenye maana ile ile ya kinga. Sidhani kuwa jina peke yake latosha. Na daktari asiyeona lolote ila kichocho katika kila mkojo wa damu afundishwe upya.

Kazi ya tatu ni ya Nairobi. Mwaka 2025 serikali na kampuni ya Roche zilitia saini mkataba wa kuwapatia wanawake wenye aina moja ya saratani ya matiti dawa ya Herceptin kupitia bima ya SHA. Dawa hiyo ni kingamwili iliyotengenezwa maabarani, nduguye hizi ninazozieleza. Basi tusiambiwe tena kwamba haiwezekani. Mkataba wa namna hiyo waweza kutafutwa kwa wanaume wale watatu katika mia, na kila jaribio la dawa mpya ya kinga, kama zile zinazomfunga askari kwa mkono mmoja na chembe ya saratani kwa mkono mwingine, ambazo sasa zimefikia hatua za mwisho za kujaribiwa ng'ambo, liombwe lije na hapa.

Pasipofanywa hayo, pengo hilo litajazwa na wengine, na wameshaanza. Katika miji yetu ya pwani neno "kinga" linauzwa kwenye chupa: unga wa kuongeza kinga, maji ya kuamsha kinga, vidonge vya kinga vilivyobandikwa picha ya simba. Wauzaji wamelichukua neno la kweli la kisayansi wakalivalisha kanzu isiyo yake. Tuliyaona mwaka 2011, maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500 za Tanzania, na wako walioziacha dawa zao za hospitali. Siwacheki waliokwenda. Mgonjwa huenda palipo na mlango uliofunguliwa. Ila mtu akikwambia kuwa unga wake unaifundisha kinga yako, muulize anaionyesha protini gani, na ameijaribu kwa watu wangapi.

Gari lilipofika, nilimwambia mzee kuwa mjukuu wake hakusema uongo, lakini sindano ile haijafika kwetu, na hata ingefika, zamu yake bado. Nikamuuliza aliyoandikiwa. Alifungua bahasha akanipa karatasi: tarehe ya kukatwa kijinyama, Mombasa, Jumanne asubuhi. Aliniuliza kama basi la Lamu la Jumatatu huwahi kupita, au alale Malindi kwa mwanawe. Nikamshauri alale Malindi.